Mpera wa Mtukufu Kiongozi

Wananchi wa Jamhuri ya Pongezi hawana haja ya kuisoma habari hii, kwa kuwa wameshaambiwa haikutokea. Nawaandikia nyinyi wa nchi nyingine, ambao mambo ya namna hii hayawezi kuwapata kabisa. Mkiona mahali panafanana na kwenu, basi tatizo ni macho, yapelekeni hospitali.

Jamhuri yetu ilipata jina hilo baada ya serikali kulifuta neno "pole". Ilionekana kwamba wananchi walikuwa wakipeana pole kutwa nzima: pole na kazi, pole na safari, pole na msiba, pole kwa kupigwa virungu, na mgeni akisikia angeweza kudhani nchi ina matatizo. Likaondolewa. Mahali pake pakawekwa "hongera", na jibu lake rasmi likawa "nimepokea". Umefiwa? Hongera. Nyumba imeungua? Hongera sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuvunjika mguu kwenye shimo katikati ya barabara kuu, na kabla sijaokotwa nilikuwa nimeshapongezwa na mtaa mzima. Nikapokea. Ungefanyaje nawe umelala chini?

Sasa basi. Kando ya Mto Lumba palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Kilikuwapo tangu babu zetu wakiwa vijana. Moshi wake ulikuwa na ladha: ukiumeza ilikuwa kama umelamba sarafu. Mabaki yake yalimwagwa karibu, na palipokuwa karibu kuliko pengine pote ni mtoni. Mto ukawa wa kijani asubuhi na wa rangi ya machungwa adhuhuri, na kwa kuwa hizo ndizo rangi za bendera yetu, samaki walioelea chali walihesabiwa kuwa wamekufa kizalendo.

Siku moja kiwanda kikafungwa. Wenye nacho wakachukua mashine, wakatuachia ardhi.

Nchi nyingine wangeupima udongo kwanza. Sisi nasi tulikuwa na maabara ya udongo, nzuri, ya vioo, ila ilikuwa imejaa viti vya sherehe na hapakuwa na mahali pengine pa kuviweka. Kwa hiyo ardhi ikasafishwa kwa njia tuliyoizoea. Waziri wa Makazi na Matumaini, Mheshimiwa Ponsiano Lukindo, alisimama mbele ya kamera akatangaza kwamba kuanzia saa ile ni safi. Buldoza zikasawazisha majivu, nyumba zikainuka juu yake, na bango likasimikwa: MTAA WA MAISHA MAREFU.

"Wapo wasomi wachache," alisema Waziri, "wanaodai ardhi hii ina sumu. Nawauliza, sumu hiyo ilipewa kibali cha kuishi hapa na nani?"

Tukapiga makofi. Kweli, kibali hatukukiona.

*

Ili kuwaridhisha hata wenye roho ngumu, kikatumika Kipimo cha Mti, ambacho ndicho kipimo halali cha ardhi katika Jamhuri. Mtukufu Kiongozi hupanda mti. Mti ukistawi, ardhi ni safi na watu wahamie. Mti ukifa… hapo sheria haikuendelea, kwa maana aliyeiandika alishikwa na aibu.

Mtukufu Kiongozi akaja na koleo la dhahabu, akapanda mpera. Alivaa glavu nyeupe. Glavu hizo zilichomwa moto mara baada ya sherehe kwa sababu za kiafya, lakini hilo ni jambo la glavu, halihusiani na ardhi.

Mti wa Mtukufu hauwezi kuachwa peke yake kama mti wa mtu yeyote. Akatafutwa Mtunza Mti. Wakati huo kamera za televisheni zilikuwa zimemnasa mama mmoja mtu mzima katikati ya umati, akilia machozi mpaka kwenye kanga. Mtangazaji akasema ni machozi ya furaha. Huyo alikuwa Bi. Havijawa, na kibanda chake cha ukingoni mwa mto ndicho kilichokuwa kikibomolewa nyuma ya jukwaa ili magari ya wakubwa yapate pa kuegeshwa. Basi akateuliwa papo hapo, akapewa nyumba namba moja, hatua chache kutoka kwenye mpera, bure, kwa muda wote mti utakapokuwa hai.

Alihamia na mjukuu wake, Chiku. Mama yake Chiku alifariki akimzaa, kwa hiyo bibi na mjukuu walikuwa wawili tu duniani. Chiku alikuwa na miaka minne na mdomo wa mawakili watatu. Alikuwa akiongea na kuku, akiongea na ndoo, akiutangazia mlango kwamba unafungwa. Alfajiri alianza kabla ya jogoo, na jogoo akaacha kuwika, akaona hana kazi.

"Bibi, kwa nini mpera una askari na sisi hatuna?"

"Sisi hatuibwi, mjukuu wangu."

"Kwa nini hatuibwi?"

"Kula ugali."

*

Mpera ulianza kugeuka manjano kabla mvua za kwanza hazijaisha. Majani yakajikunja kama karatasi iliyokaribishwa motoni. Bwana Kashindye, Meneja wa Mtaa, mtu aliyekuwa akivaa tai hata akienda kuoga, alikuja akauzunguka mti kimyakimya.

"Bibi, mti huu una nini?"

"Udongo hauukubali, baba."

"Udongo umeshatangazwa."

"Nimesikia. Pengine mti haukusikia."

Kashindye akakohoa. "Mimi sitaki maneno, Bibi. Mti huu ukifa, nyumba inarudi serikalini, wewe na huyo mtoto mnarudi mtoni. Na huko mtoni sasa hivi pana ukuta. Hongera kwa kunielewa."

"Nimepokea."

Jirani wa nyumba ya pili, mmoja wa wachache waliotangulia kuhamia, alikuwa Mbaraka, aliyekula ujana wake wote kwenye tanuri la kiwanda kile. Mikono yake ilitetemeka hivi kwamba chai yake haikuhitaji kijiko cha kukorogea. Watu wa kabila lake na wa kabila la Bi. Havijawa ni watani tangu zamani, kwa hiyo hawakuweza kusalimiana bila kutukanana.

"Mtani, nasikia umeshindwa kufuga hata mti," alisema Mbaraka kutoka ng'ambo ya ua. "Nyinyi watu wa mlimani mnajua kula mapera tu, kuyapanda hamjui."

"Na nyinyi wala panya, kilichowatetemesha mikono ni nini? Kuiba kuku?"

"Kilichonitetemesha mimi ndicho kinachoukausha mti wako. Kipo chini hapo, tulikimwaga wenyewe. Ukitaka mti uishi, usiuache uguse chini."

Ndivyo lilivyozaliwa wazo. Walitafuta tangi la plastiki, lile jeusi la kuwekea maji, wakalikata juu. Wakamwambia askari wa mti kwamba wanaweka mbolea ya heshima, naye akawasaidia kuchimba. Walichimba shimo kubwa, wakaliteremsha tangi, wakalijaza udongo mwekundu ambao ndugu zake Bi. Havijawa waliuteremsha kwa punda kutoka mlimani, wakaupanda mpera humo. Juu wakafunika kwa nyasi. Ukiangalia, mti umesimama ardhini kama miti mingine. Kumbe umekaa kwenye sufuria.

Udongo mweusi walioutoa shimoni ulikuwa mwingi, wenye kung'aa kidogo juani. Pa kuutupa hapakuwapo; kila pembe ya mtaa ilikuwa na bango la kukataza kutupa taka. Bi. Havijawa akausambaza nyuma ya jiko lake, akausawazisha vizuri kwa reki. Pakapendeza. Chiku akapata uwanja wa kupikia vyakula vyake vya mchezo, akawa anapika ugali mweusi wa kumeremeta, akiwakaribisha kuku na ndoo, na kila chungu akionja chumvi.

*

Mpera ulistawi jamani. Sijui niseme nini. Uliota majani ya kijani mpaka yakaonekana ya kutukana. Ukazaa. Mapera yake yalichumwa kwa sherehe, yakapelekwa Ikulu kwenye kikapu chenye utepe, na askari alisimama kuhakikisha hakuna mtoto wa mtaani pale anayeokota hata lililodondoka. Watoto wa mtaa walikula mchicha wa bustani za kwao, uliokuwa na ladha ya sarafu.

Sheria ikatimia. Watu wengi zaidi wakahamia kwa malori, wengine wakitoa hongo ili wapate nyumba zilizo karibu zaidi na mti. Alikuja mtaalamu mmoja kutoka nje na kimashine chake, akakichomeka chini, kimashine kikalia kama mtoto aliyenyang'anywa pipi. Waziri Lukindo alimwonyesha mpera.

"Wewe na mti, nani anakaa humu ardhini siku zote?"

"Mti, Mheshimiwa."

"Umelalamika?"

Mtaalamu akakifunga kimashine, akapanda ndege. Usiku huo televisheni ikasema ameondoka akiwa ameridhika.

*

Chiku alianza na tumbo. Halafu akakataa chakula. Halafu, jambo ambalo mtaa mzima ulilisikia kwa sababu lilikuwa halisikiki, alianza kunyamaza. Alikuwa akianza wimbo, unamkatikia njiani, anabaki ameshika mdomo kama mtu aliyesahau funguo. Jogoo akarudi kazini.

Mbaraka alimwita penye ua, akamwambia acheke. Chiku alicheka kidogo. Kwenye fizi, pale meno yanapoanzia, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

Safari hii Mbaraka hakutania. "Kiwandani tuliuita wanja wa meno," alisema. "Wenzangu waliupaka wote. Mtani, huyu mtoto anachezea wapi?"

Bi. Havijawa alikuwa ameugeuza uso kuelekea nyuma ya jiko, kwenye uwanja alioupiga reki kwa mikono yake mwenyewe.

Hospitali, daktari alimpima Chiku, akainuka akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Mama, dawa ipo. Lakini haifanyi kazi mtoto akiendelea kukaa pale pale. Inabidi nimwandikie uhamisho, serikali impe makazi mengine na dawa bure."

"Basi mwandikie, mwanangu."

"Nikiandika, natakiwa nieleze sumu imetoka wapi. Nikisema imetoka ardhini, wataniuliza mbona mti haujaugua." Alichungulia dirishani. Ule mpera ulionekana hata kutoka pale, umesimama juu ya mapaa, mnene, unameremeta. "Mti wenu umewanyima ugonjwa, mama. Hongera."

Alilisema taratibu, bila kumtazama.

"Nimepokea," alisema Bi. Havijawa.

Akatembea kwa miguu kurudi nyumbani, Chiku mgongoni. Ndugu wa mlimani walikuwa wameshauza shamba lao ili kununua nyumba Maisha Marefu, karibu na mti. Kwa hiyo mlimani nako hakukuwa na pa kwenda. Njia ilikuwa moja tu: mpera uvuliwe nguo mbele za watu.

*

Sherehe za Siku ya Mti ziliadhimishwa kwa viti vyote vya maabara. Waziri Lukindo alihutubia mpaka kivuli chake kikachoka. Akasema mpera huu ni daktari, ni mhandisi, ni mama wa taifa. Akasema mito ya nchi jirani ni mikavu, wetu una rangi. Kisha akamwita Mtunza Mti apokee nishani na aseme neno moja la shukrani.

Bi. Havijawa akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, mti huu haujui hata ladha ya ardhi yenu. Upo kwenye tangi la maji. Udongo ni wa mlimani kwetu. Ule wenu niliutoa nikaumwaga kwangu, mjukuu wangu ameula, na sasa ananifia. Naomba mfukue mwone. Mkishaona, muwahamishe watoto."

Bendi ikapiga tarumbeta moja kwa makosa.

"Bibi amezidiwa na furaha," alisema Bwana Kashindye.

Lakini Waziri alikuwa ameshaona kamera za nchi nyingine zimegeuka. Akatabasamu. "Fukueni," akasema. "Fukueni, dunia ione mzizi wa Mtukufu ulivyoshikamana na ardhi yake."

Wakafukua. Likatokea tangi. Sisi tuliokuwa nyuma tulipanda juu ya viti. Likaonekana vizuri kabisa, jeusi, na maandishi ya lita ubavuni. Katika ubavu ule palikuwa na ufa, na katika ufa mzizi mmoja ulikuwa umetoka nje kwenda kuonja ardhi ya Maisha Marefu. Mzizi huo ulikuwa umekauka, mweusi kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka.

Mheshimiwa Lukindo alipiga magoti. Alivishika vitambaa vyake viwili vya mfukoni, kimoja puani, kingine machoni. Watu walianza kulia. Mimi nilifikiri, haya, leo ni leo, mkubwa ameona. Bi. Havijawa alimkumbatia Chiku kwa nguvu, akaanza kumwambia sikioni kwamba wanaondoka, wanaondoka leo hii.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri kwa sauti ya kukatika, "nimejionea mwenyewe. Ardhi hii ina sumu kali." Akasimama. "Na mti wa Mtukufu umeachwa humu miaka yote hii! Uhamishwe mara moja!"

*

Sijawahi kuona serikali ikifanya kazi haraka namna ile, na nasema hivi kwa sifa. Winchi ilifika kabla machozi hayajakauka. Mpera ulinyanyuliwa pamoja na tangi lake, ukafungwa mablanketi, ukalazwa kwenye lori lenye kiyoyozi. Mbele pikipiki za polisi, nyuma gari la wagonjwa, kwa tahadhari. Barabara zote zilifungwa. Taarifa ya habari ikasema mpera umefika salama katika bustani ya Ikulu, umepokelewa na madaktari bingwa wa miti, unakunywa maji wenyewe, na kwamba wananchi waondoe hofu.

Kesho yake Bi. Havijawa alikwenda ofisini kwa Meneja, Chiku mgongoni.

"Baba, mti umehamishwa kwa sababu ya sumu. Nami naomba mtoto huyu ahamishwe kwa sababu hiyo hiyo. Wala hahitaji lori. Hata punda anatosha."

Bwana Kashindye alimtazama Chiku kwa makini, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta lebo.

"Alizinduliwa na nani?"

"Nini?"

"Mtoto. Nani alimzindua? Mti una jiwe la msingi, una tarehe, una jina la kiongozi. Huyu simwoni na kitu. Nikisema ahamishwe, wataniuliza ni mradi wa nani."

"Ni wa marehemu mwanangu."

"Mwananchi wa kawaida," alisema Kashindye, akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Hapo ndipo penye ugumu."

Palibaki shimo. Ukingoni mwake, winchi ilipokuwa ikivuta, ulikuwa umemwagika udongo mwekundu wa mlimani, kiasi cha kujaza beseni kubwa. Bi. Havijawa aliushusha humo akautandaza chini, akamkalisha Chiku juu yake. Ndiyo ardhi pekee safi katika Mtaa mzima wa Maisha Marefu. Majirani wakaona. Wakaanza kuleta watoto wao nao, mmoja akitoka mwingine anaingia, wenye tumbo kwanza, wanakaa kidogo kwenye udongo mwekundu kama watu wanaoota moto. Hakuna aliyejua unasaidia nini. Haukusaidia. Lakini mama mmoja alisema ukimwona mwanao amekaa juu ya rangi ile, unapumua.

Halafu Bwana Kashindye akaja na askari na mche.

"Watoto watoke, tafadhali. Shimo ni la serikali." Nyuma yake vibarua walikuwa wamebeba tangi jipya, la kijani, na udongo kwenye magunia yaliyoandikwa jina la mzabuni. Serikali ilikuwa imejifunza. Kuanzia sasa kila mti wa Mtukufu utapandwa ndani ya tangi lake, kisheria, na mitaa mingine ya Maisha Marefu ilikuwa tayari imepimwa kando ya mto kushuka chini, kwenye viwanda vingine vilivyokufa. "Na wewe, Bibi, umesamehewa. Wazo limeonekana lina manufaa. Unaendelea kuwa Mtunza Mti, na nyumba ni yako."

"Na Chiku?"

Meneja alimtazama Chiku, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba namba moja, mikono magotini, akiwaangalia kuku. Kuku nao walimwangalia, wakingoja aseme kitu.

"Chiku ana nini? Zamani alikuwa anatupigia kelele mtaa mzima. Sasa ametulia, ana adabu. Wengine wanatafuta mtoto kama huyu hawampati." Akakaza tai yake. "Hongera sana, Bibi."

"Nimepokea."

Meneja akaenda zake. Vibarua wakashindilia udongo, wakamwagia maji, wakaondoka. Mche ulisimama wima, kijani kibichi, askari pembeni yake.

Mbaraka alikuwa ameegemea ua wake. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama askari, ambaye aligeuka akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini. "Pole."

Neno hilo halikuwa limesikika Maisha Marefu tangu mtaa ujengwe. Kila mtu wa umri wake anajua jinsi ya kulijibu. Tulifundishwa tukiwa wadogo kuliko Chiku. Unasema: nimeshapoa.

Bi. Havijawa alifungua mdomo. Akangoja. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuumwagilia mti.